Mama Reki na Vipele vya Jua

Mtoto alikuwa ametimiza miezi minne, na bibi yake alikuwa hajampakata hata siku moja.

Kumpenda alimpenda, tena mpaka majirani wakawa wanacheka. Kila jioni alirudi kazini, akavua viatu vyake vizito nje, akaoga, akabadilisha nguo, kisha akaja kukaa kwenye kigoda karibu na mlango wa sebule. Hapo ndipo palipokuwa pake. Mtoto akiwa amelazwa kwenye mkeka upande wa pili, hatua tatu hivi, bibi alianza mazungumzo.

"Mume wangu, umeshindaje? Umeshiba? Mbona umenuna, nani kakuudhi? Nitajie jina lake nikamchape."

Mtoto, ambaye nyumba nzima ilimwita Mzee kwa sababu ya upara wake na uso wake wa kukunja, alirusha miguu. Bibi akacheka, akaimba, akamtolea ulimi. Lakini kigoda hakikusogea, na mikono yake yote miwili alikuwa ameificha ndani ya mtandio, mapajani, kama mtu anayesikia baridi.

Mama wa mtoto aliyaona hayo yote. Bibi alimwita Mkwe, na sisi tumwite hivyo hivyo. Mkwe alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Ukweli usemwe: mwanzoni aliona nafuu. Jirani wa mlango wa pili alishamnong'oneza tangu mimba ikiwa changa, "Mwenzangu, vile vipele vya mama mkwe wako umevitazama vizuri? Kitoto kichanga ngozi yake ni kama utando wa maziwa. Shauri yako." Mkwe akamjibu kwamba Mama ni msafi kuliko wao wote wawili. Hata hivyo maneno yalimwingia. Bibi alipoanza kukaa mbali kwa hiari yake, Mkwe akashukuru moyoni, halafu akaona aibu kwa kushukuru.

Maana huyo bibi hakuwa mtu wa kukaliwa mbali. Wafanyakazi wote wa barabara walimjua kwa jina la Mama Reki. Miaka ishirini na saba alikuwa akitandaza lami. Alianza baada ya mumewe kufariki na kumwachia mtoto wa kiume wa miaka miwili; akapewa kazi ya kusimamisha magari kwa kibendera. Siku moja mwenye reki akaugua, nyapara akauliza nani anaweza kushika, wanaume wakatazamana. Mwanamke akaweka kibendera chini, akaishika reki. Hakuiachia tena.

Kazi yenyewe ukiiona kwa mbali utadhani ni kufagia uwanja. Lori linamwaga lami ikiwa moto, inafuka moshi, na mwenye reki ana dakika chache tu za kuisawazisha kabla haijapoa, kabla rola la kushindilia halijapita. Akiacha nyingi, barabara inaota kibyongo. Akivuta mno, panabaki bonde, maji yanatuama, na mwaka haujaisha pamekuwa shimo. Wengine hupima kwa kamba na ubao mrefu. Mama Reki aliinama, akafumba jicho moja, akaitazama barabara kwa ubavu. "Hapo pana kidole kimoja," angesema, na ubao ukiletwa wanakuta kweli, kidole kimoja. Upo mtaa mmoja nyuma ya soko aliousawazisha yeye miaka kumi na tisa iliyopita, na mpaka leo mvua ikinyesha maji yanajua pa kwenda. Mwanawe, yaani mume wa Mkwe, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alipenda kumpitisha mkewe hapo na pikipiki. "Ungekuwa na kikombe cha chai mkononi," alimwambia, "kisingemwagika hata tone."

Vipele vilianza juu ya mikono, upande wa nje wa viganja. Vilikuwa vidogo, vya rangi ya njano iliyopauka, vinang'aa kidogo kama matone ya gundi inayotoka kwenye shina la mti. Haviwashi, haviumi. Mama Reki akadhani ni lami iliyomrukia ikagandia. Na lami ikikugandia, watu wa barabara wana dawa moja tu: dizeli. Kila jioni kopo la dizeli huwekwa kando ya rola, mnapanga mstari, unachovya kitambaa, unasugua mikono mpaka weusi utoke, ndipo unanawa kwa sabuni. Ndivyo walivyofundishwa, nao wakawafundisha wengine.

Basi vipele havikutoka, akazidisha dizeli. Akaanza kujisugua na asubuhi pia, kabla ya kazi, kisha akaenda kusimama juani kutwa nzima na dizeli ingali ngozini. Vikapanda mashavuni, puani, nyuma ya masikio, shingoni. Kadiri vilivyoongezeka ndivyo alivyosugua, na kadiri alivyosugua ndivyo vilivyoongezeka.

Alikwenda zahanati. Mhudumu akamtazama akiwa ng'ambo ya meza, akamwandikia dawa ya upele, akasema nyumba nzima ipake. Nyumba nzima ikapaka, ikanuka wiki moja, na vipele vikabaki palepale. Kazini nako kikombe cha maji cha wote kikawa na mambo. Kulikuwa na mwenzao mmoja, baba wa watoto watano, waliyemwita Beleshi kwa kuwa ndiye aliyesogeza lami kwa beleshi mbele ya reki. Siku moja akaja na kikombe chake mwenyewe, amekifunga kwa kamba kiunoni.

"Sina neno na mtu," alisema. "Ila mimi na ukoma hatujazoeana."

Watu wakacheka. Mama Reki naye akacheka. "Afadhali umekuja na chako," alimwambia. "Huo mdomo wako ulikuwa unatutia wasiwasi siku nyingi." Lakini kuanzia siku hiyo alisubiri wote wanywe, yeye akanywa wa mwisho.

Sasa mtoto yule ana miezi minne, jioni moja bibi akasema kutoka kwenye kigoda chake, "Nimepata chumba karibu na yadi ya kazini. Mwisho wa mwezi nahamia."

"Chumba cha nini, Mama?" mwanawe akauliza. "Nyumba hii umeijenga wewe."

"Ndiyo maana nina haki ya kutoka nikitaka."

"Lakini Mama..."

"Nisikilize. Mzee ameanza kujibiringisha. Bado kidogo atatambaa. Atanifuata hapa mlangoni, nami nifanyeje? Nimkimbie? Nimfukuze kama kuku aliyeingia jikoni? Siwezi, mwanangu. Bora nisiwepo."

Hakulia. Aliyasema kama mtu anayepanga kazi ya kesho. Mwanawe akatoka nje, akaanza kuitengeneza pikipiki ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Siku zile Mkwe alikuwa akimtazama mama mkwe wake kwa namna nyingine, kama anayetafuta sindano sakafuni. Jumamosi, Mama Reki alikuwa uani anajaribu kurekebisha mkanda wa saa yake uliokatika. Saa ile aliivaa kila siku ya kazi. Mkwe alikuwa anaanika nepi. Akasimama na nepi mkononi.

"Mama, hebu nyanyua mkono."

"Unataka kuniapisha?"

"Nyanyua tu."

Pale ulipokuwa mkanda wa saa, ngozi ilikuwa laini, nyororo, haina kipele hata kimoja. Vipele vilifika ukingoni mwa mkanda vikasimama, vikaanza tena upande wa pili. Mkwe akapandisha mkono wa shati la Mama Reki. Mashati yale ya mikono mifupi aliyafua yeye kila wiki, alijua yanaishia wapi. Vipele navyo viliishia hapohapo. Akamfungua kilemba. Juu ya paji la uso, pale kilemba kilipoanzia, hakuna kitu.

"Mama," alisema, "ugonjwa gani wa kuambukiza unaoogopa saa?"

Mama Reki akautazama mkono wake. Mtu aliyeipima barabara kwa jicho miaka ishirini na saba, yeye mwenyewe hakuwahi kujipima.

"Sasa unatakaje?"

"Hospitali kubwa, kwa daktari wa ngozi. Ukishamsikia yeye, ukitaka kuhama, hama. Godoro nitakubebea mwenyewe."

"Godoro langu zito."

"Nimezaa, Mama. Nitaliweza."

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mdogo, mwenye miwani na sauti ya chini. Kabla hajauliza lolote alinyoosha mkono na kuushika mkono wa Mama Reki, akaupapasa kidole kwa kidole. Mama Reki akashtuka, akauvuta.

"Daktari, hujavaa glavu!"

"Glavu za nini? Nataka nivihisi."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili mtu kuishika mikono ile. Mkwe akageuka akatazama dirisha ili asimwaibishe mama mkwe wake.

Daktari akauliza habari za kazi, za jua, za miaka. Alipofika kwenye kunawa na kusikia dizeli, akaweka kalamu chini. "Kila siku?"

"Siku hizi mara mbili. Nilitaka nipone haraka."

Daktari akaomba ruhusa ya kuwaita wenzake wawili. "Hali hii huwa tunaisoma vitabuni," alisema. "Kuiona kwa macho ni bahati."

"Bahati ya nani?" Mama Reki akauliza, na daktari akaangua kicheko. "Haya, waite. Kumbe nimekuja hapa kama mgeni rasmi."

Wakaeleweshwa taratibu. Ngozi ikichomwa na jua miaka na miaka, nyama yake ya ndani huchakaa, ikageuka kitu kama uji mzito wa gundi, nao hujikusanya vidonge vidonge chini ya ngozi. Wanaopata hivyo ni wachache sana, wengi wao watu wa kazi za juani. Mafuta kama dizeli huenda nayo yamelisaidia jua kuharibu. "Nadhani ndiyo hii," daktari alisema. "Lakini sitaki kukudanganya, Mama, yapo magonjwa yanayofanana nayo. Nitachukua kipande kidogo cha ngozi, kama punje ya mchele, kiende maabara. Majibu ni baada ya wiki mbili."

Mkwe ndiye aliyeuliza, maana alijua mwenzake hataweza. "Inaambukiza?"

"Ikiwa ndiyo hii, haiambukizi. Tungoje majibu. Ila dizeli iachwe leo. Lami itolewe kwa mafuta ya kupikia na sabuni. Na jua alikinge: mikono mirefu, kofia pana, na krimu nitakayompa."

Walipotoka nje, Mkwe akapumua. Mama Reki hakupumua. "Amesema 'ikiwa'," alisema. "'Ikiwa' si neno la kupakatia mtoto."

Mkwe akachukua mashati mawili ya mumewe, akayapunguza kwa sindano, akamtengenezea mama mkwe wake shati la kazi la mikono mirefu, na kola ya kusimama mpaka masikioni. Jumatatu Mama Reki akaondoka mapema, shati akalisahau kwenye kamba. Mkwe akamfunga Mzee mgongoni, akashika mwavuli, akampelekea.

Hakuwahi kumwona kazini. Alisimama upande wa pili wa barabara, akasahau kilichomleta. Lori lilikuwa linamwaga. Moshi ulipanda, hewa juu ya lami ikawa inacheza kama maji. Beleshi na wenzake walisukuma, na nyuma yao Mama Reki alivuta reki kwa mkono mrefu, mwepesi, kama mtu anayetandika shuka kitandani pasibaki mkunjo. Akavuta, akarudisha, akainama, akafumba jicho, akagusa pahala kidogo tu kwa ncha, akainua kiganja. Rola halikusogea mpaka kiganja kile kiinuke. Wanaume wakubwa, na mashine kubwa, vyote vilimngoja. Mkwe akajikuta anatabasamu peke yake chini ya mwavuli.

Walipopumzika, Mama Reki akavuka kuja kuchukua shati, ila akasimama mbali. "Usimsogeze mume wangu, kuna moshi." Akalivaa juu ya lile fupi. Kisha akachukua kopo la dizeli, akaenda kulimimina lote kwenye tangi la rola, akaweka chupa ya mafuta ya kupikia mahali pake.

"Na sisi tutanawa na nini?" Beleshi akapaza sauti.

"Hayo hapo."

"Mafuta ya kupikia! Mama Reki, unataka utukaange kabisa?"

"Wewe mfupa mtupu, nikikukaanga nitamlisha nani? Daktari kasema dizeli ndiyo inayotumaliza. Njoo unawe."

Wenzake wakamsukuma aende wa kwanza. Beleshi alikuja polepole. Siku hizo alikuwa havui glavu hata akila. Sasa akavua moja, akakinga kiganja. Moshi ulishapungua na Mkwe ameshavuka barabara; akaona, na Mama Reki akaona pia. Juu ya vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimepangika vipele vidogo, vya njano, vinavyong'aa.

Neno moja tu lingetosha. Gengi zima lilikuwa linatazama, na kikombe bado kilikuwa kinaning'inia kiunoni mwake. Mama Reki akasogea, akauweka mgongo wake kati ya Beleshi na watu wengine, akammiminia mafuta.

"Vimekuanza lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu mvua zilizopita."

"Na ule ukoma uliokuwa hujauzoea?"

Beleshi akainamisha kichwa. "Niliona wakikutazama wewe, Mama, hawatanitazama mimi."

Mama Reki akamsugua vile vidole yeye mwenyewe, kwa kitambaa safi, kimoja kimoja. "Kesho kutwa nitakuombea ruhusa kwa nyapara. Hospitali kubwa, chumba cha mwisho mkono wa kushoto. Usiogope. Yule daktari binti hashiki watu kwa glavu." Halafu akageuka, akapaza sauti, "Haya, aliyekuwa mchafu kuliko wote ameshatakata! Nani anafuata?"

Wakacheka wote, hata Beleshi, akijifuta macho kwa mkono wa shati. Mkwe alirudi nyumbani kwa miguu, mtoto amelala mgongoni. Njia nzima alikuwa anajiuliza kama yeye mwenyewe angeweza kufanya vile.

Majibu yalitoka siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Walikwenda watatu, kwa kuwa Mzee bado ananyonya. Daktari akaisoma karatasi mara moja, akaiweka mezani.

"Ndiyo yenyewe, Mama. Si saratani. Na haiambukizi. Hata ukitaka kumpa mtu, huwezi."

Akaongeza kwamba vipele havitaisha vyote. Dawa zipo za kujaribu, lakini hatoi ahadi. Na kila baada ya miezi sita aje atazamwe, kwa sababu ngozi iliyopigwa na jua kiasi hicho haiachwi bila mlinzi. Mama Reki akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Alipofika mlangoni akageuka.

"Yule ndugu yangu wa kazini, mrefu, mwembamba, alikuja?"

"Habari za mgonjwa mwingine siwezi kukwambia, Mama."

"Vizuri. Basi alikuja."

Nje kulikuwa na benchi refu ukutani. Mama Reki akakaa mwisho kabisa wa benchi. Mkwe akakaa katikati, akangoja mikono ile inyooshwe. Haikunyooshwa.

"Mama, si umesikia?"

"Nimesikia. Lakini lile ni neno la daktari, na daktari si mama wa mtoto." Aliongea akitazama mbele. "Mwanzoni nilipokaa kule mlangoni, nilikuona ulivyoshusha pumzi. Wewe unadhani sikuona?"

Mkwe akahisi masikio yanawaka moto.

"Sikulaumu," Mama Reki akasema. "Ningekuwa wewe ningeshusha pumzi vilevile, tena kwa kelele. Ila kitu ambacho sijapewa sikichukui. Sijawahi."

Mkwe akasogea kwenye benchi mpaka magoti yao yakagusana. Akafungua kitambaa, akamtoa Mzee, akamweka.

Mikono ya Mama Reki ilimpokea ikiwa imekakamaa, viwiko vimeinuka, kama anashika kitu kinachounguza. Kisha viwiko vikashuka. Mzee akakunja uso. Akautazama uso ule ambao siku zote aliuona kutoka mbali, akaukagua kwa makini, vipele na vyote. Akakikamata kidole cha bibi yake, akakipeleka moja kwa moja mdomoni.

"Mkwe! Ananila!"

"Mwache ale, Mama. Si umenawa?"

Simu ikalia ndani ya mkoba wa Mkwe. Mumewe alikuwa anapiga kutoka karakana. Nyuma yake zilisikika nyundo.

"Majibu vipi?"

"Haiambukizi."

Nyundo ziliendelea kugonga. Alipoongea tena sauti ilikuwa nyingine. "Mpe Mama niongee naye."

Mkwe akageuka kumtazama. Mama Reki alikuwa ameinamisha kichwa, anamnong'oneza Mzee mambo ambayo hayakumhusu mtu mwingine, na kilemba chake kilikuwa kimeshaanza kuvutwa.

"Hawezi kushika simu," Mkwe akasema. "Piga baadaye. Mikono yake imejaa."